Tukusubiri au Tuendelee

Ukitaka habari ya msiba imfikie mtu kwa upole, usimtume Nyakati. Atamwambia mwenye msiba akae, atamtazama usoni, kisha atasema, "Mjomba wako amekufa." Hatasema ametutoka, hatasema amefariki, wala hatazungukazunguka kwanza kuuliza mtu amekula nini mchana. Watu wamemlalamikia sana. Mlinzi wa shule yetu alimnunia muhula mzima kwa sababu alipewa habari ya kaka yake kwa neno hilohilo. Mlinzi alisema anayekufa ni mbuzi, mtu anafariki. Nyakati alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akamuuliza, "Lakini ulinielewa?" Mlinzi akasema alielewa. "Basi," akasema Nyakati, akaingia darasani.

Mimi ni rafiki yake tangu chuo kikuu. Sasa tunafundisha shule moja, yeye Kihispania, mimi Kihispania na somo lolote ambalo mkuu wa shule amekosa mtu wa kulifundisha. Chuoni wenzangu waliniita Redio, na sina haja ya kueleza sababu. Watu wakimsema Nyakati mbele yangu kwamba ana roho ngumu, nawakatiza hapohapo, na wakinuna wanune. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena chumba kimoja naye.

Jina la Nyakati tulimpa sisi. Darasa letu la Kihispania lilikuwa dogo, tukisomea chumba kilichokuwa zamani stoo ya viti, na wanafunzi wa sheria hawakuchoka kutuuliza tukimaliza tutaongea na nani. Wengi wetu tuliangukia pale kwa sababu kozi tulizozitaka zilijaa. Yeye alikuja kwa kupenda. Na alichopenda zaidi ni nyakati za vitenzi, mahali ambapo sisi tulipita mbiombio tukiomba mtihani usituulize. Alikuwa na ugomvi usioisha na mhadhiri wetu juu ya silabi moja tu ya Kiswahili, ile "me".

"Ukisema mgeni amefika, kitendo kimekwisha," alikuwa akisema. "Ukisema mtoto amelala, hakijaisha, mtoto bado amelala. Sasa kwa Kihispania niandike wakati gani?"

"Inategemea," mhadhiri akajibu.

"Inategemea nini?"

Mhadhiri akavua miwani, akatazama saa, akasema inategemea kama chakula cha mchana kimeiva. Tukacheka, tukatoka. Nyakati akabaki palepale na kalamu yake.

Baba yake alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama kituo cha basi, viti viwili vya kunyolea, kioo chenye ufa pembeni, na benchi refu la wanaosubiri. Nilimpenda mzee yule tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu wa maneno, na mkono wenye mashine haukusimama alipokuwa anazungumza, jambo lililowatia hofu kidogo wateja wageni. Kila aliyekaa kitini aliambiwa kwamba binti wa nyumba hii anasoma Kihispania. Mteja akiuliza kitamsaidia nini, mzee anamwinamisha kichwa na kumwambia, "Tulia, nisije nikakukata sikio."

Nyakati alimwandikia neno moja kwenye kipande cha boksi, wakalibandika kwenye kioo: siguiente, yaani anayefuata. Alimfundisha namna ya kulitamka, lakini mzee alilisoma kama lilivyoandikwa. "Sigwente!" aliita, kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, na anayefuata akanyanyuka kutoka kwenye benchi. Haikuchukua muda mtaa mzima ukawa unamwita Bwana Sigwente. Nyakati alijaribu kumsahihisha mara mbili tatu, kisha akaacha, kwa sababu mzee alikuwa analifurahia kosa lake kuliko usahihi wa mtu mwingine.

Mwaka wetu wa tatu moyo wa mzee ukaanza kumsumbua. Miguu ilimvimba, akawa ananyoa akiwa amekaa kwenye stuli ndefu na mteja ndiye anayegeuka. Lakini kilichomtesa zaidi ni usingizi. Akilala chali pumzi inamkatika, kwa hiyo alikesha ameegemea mito, anasinzia na kushtuka, anasinzia na kushtuka. Daktari aliwaambia kwamba akianza kupata usingizi wake mwenyewe, hiyo ndiyo dalili kuwa dawa zimeshika. Basi nyumba nzima ikawa na swali moja kila asubuhi. Ukimuuliza mama yake Nyakati hali ya mgonjwa, hakutaja moyo wala miguu. Alisema, "Leo hajapumzika," au siku yenye nafuu, "Amepumzika kidogo alfajiri."

Mama huyo, naomba mumjue, ni mpole kupita kiasi. Paka wao alipogongwa na pikipiki, alitutangazia kwamba paka ametutoka.

Hapo ndipo kozi ilipokuja. Chuo kimoja cha mbali, katika nchi ambako hata watoto hugombana kwa Kihispania uani, kilikuwa na masomo mafupi ya wiki sita wakati wa msimu wao wa joto, kwa wanafunzi wa vyuo kutoka nje. Darasa letu lilipewa nafasi mbili. Tulihojiwa, Nyakati akawa wa kwanza, na mimi nikawa wa pili kwa njia ambayo hata mhadhiri hakuielewa. Nyakati akasema haendi.

Nilikuwa kwenye benchi la saluni siku walipobishana. Mzee alikuwa juu ya stuli, anamnyoa mtu ndevu.

"Siendi, baba. Unaumwa."

"Ukiwepo naumwa, usipokuwepo naumwa. Kwani wewe ni kidonge?"

"Sitaki kuwa mbali."

"Mwanangu, nimeshamwambia kila mtu wa kituo hiki. Unataka nihame mtaa kwa aibu?" Akafuta wembe, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nenda. Ukirudi, ukae hapo kwenye benchi, uniongeleshe Kihispania nusu saa nzima, nisielewe hata neno moja. Nataka nifurahi tu."

Nyakati alikubali, ila kwa sharti. Jioni ile nyumbani aliwakalisha mama yake na shangazi yake, dada wa baba, akawaambia, "Hali ikibadilika mniambie. Waziwazi. Msinifiche eti nisome vizuri. Mkinificha, sitawasamehe." Shangazi alikuwa muuguzi maisha yake yote, amestaafu juzijuzi, na bado alitembea kwa hatua za wodini, zile zisizoamsha mgonjwa. "Nitakuambia mimi mwenyewe," akasema. "Nimewapa watu wengi habari zao, na sijawahi kumficha mtu." Hilo lilikuwa kweli. Siku tuliyoondoka mzee alishuka kwenye stuli yake, akasimama mlangoni kwa taabu, na basi lilipoanza kusogea akapaza sauti, "Sigwente!" Watu wote kituoni wakacheka. Nyakati alicheka pia, huku machozi yanamtoka.

Kule tulipangiwa nyumba ya mjane mmoja, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zinazonukia sabuni. Sisi wenyewe kwa wenyewe tulimwita Mama Mwenyeji. Alikuwa mnene, mwepesi wa kuongea, na hakujua lugha nyingine yoyote, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Kila mchana mezani ilikuwa lazima mtu atoe habari yake. Ukikosea, aliinua kijiko juu, akasubiri mpaka ujirekebishe, ndipo kijiko kinarudi kwenye bakuli. Chakula changu kilikuwa kinapoa kila siku. Wiki ya kwanza nilitaka kumwambia nimechoka, nikakosa herufi moja, nikamwambia nimeolewa. Akanitazama kwa huruma, akasema ni mambo yaleyale.

Asubuhi tulikuwa darasani na wanafunzi wa nchi nyingine, katika chumba chenye madirisha yanayotazama uwanja wa baiskeli, na kabla ya darasa Nyakati alipiga simu nyumbani. Mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, kwenye ujia, kati ya mlango wa bafu na dirisha. Kwetu kulikuwa mchana tayari. Mara nyingi alizungumza na mama yake, na nilijua jibu kwa kumtazama anavyokata simu. Hajapumzika. Amepumzika kidogo. Hajapumzika. Wiki ya tatu mzee akaacha kwenda saluni. Sauti yake ilipokuja simuni ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi zetu mbio. Siku kadhaa mfululizo ikawa hajapumzika kabisa, hata dakika, na Nyakati akaacha kula. Usiku nilisikia anageuka upande huu na huu. Akaanza kuuliza ofisi ya kozi habari za kurudi mapema.

Asubuhi moja simu ikapigwa kutoka kwetu, na aliyepiga alikuwa shangazi. Mimi nilikuwa bafuni, nikasikia upande mmoja tu, lakini Nyakati amenirudia upande wa pili mara nyingi sana, sasa naujua wote.

"Mwanangu," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya chini, ileile ya kazini. "Baba amepumzika."

"Amepumzika?"

"Amepumzika. Alfajiri."

"Mwenyewe, bila dawa?"

"Mwenyewe. Kwa utulivu kabisa."

"Afadhali, shangazi. Afadhali apumzike. Alikuwa amechoka mno." Nyakati alishusha pumzi ambayo hata mimi niliisikia nyuma ya mlango. "Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, nimeweka sauti kubwa, anakusikia. Hawezi kuongea sasa."

Nyakati akaelewa kwamba mama hataki kumwamsha mgonjwa. Akapunguza sauti yake pia.

"Sasa mwanangu," shangazi akauliza, "tukusubiri, au tuendelee?"

Mtandao ulikuwa unakwaruza. Nyakati akatazama saa ya ukutani, akaona darasa limekaribia, akadhani anaulizwa kama wasubiri simuni.

"Msinisubiri, shangazi, nawahi darasani. Endeleeni tu. Na msimsumbue baba."

Alitoka pale ujiani na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tufike. Njiani aliniambia, "Baba kalala, Redio. Kalala mwenyewe." Alitumia neno hilo, kulala, na mimi nikafurahi kama yeye. Alininunulia mkate wa mtaani, akanicheka nilivyokuwa natembea. Darasani alinyoosha mkono kwa kila swali mpaka mwalimu akamwomba awaachie wenzake. Nasema haya kwa sababu kuna watu wanaoamini kwamba alifurahi siku ile kwa ubaya. Alifurahi, ndiyo. Alifurahi kwa kuwa baba yake amelala.

Mchana Mama Mwenyeji akapakua, akakaa, akauliza kama kawaida, "Na baba anaendeleaje?"

Nikamwona Nyakati anachagua. Ugomvi wake wa siku zote ulikuwa umemfuata mpaka mezani: hiyo "me" ataifanyaje? Baadaye aliniambia alivyofikiri. Akisema baba anapumzika, atakuwa anakosea, kwa sababu kwetu sasa ni jioni na mzee atakuwa ameshaamka. Kwa hiyo akachukua wakati wa jambo lililokwisha, akatia mbele yake lile neno lao dogo lenye maana ya tayari. Alilitamka vizuri, hakuna kilichokosekana.

"Ya descansó," akasema, yaani ameshapumzika. Akatabasamu, akangoja kuona kama kijiko kitainuliwa.

Kijiko hakikuinuliwa. Mama Mwenyeji alikiweka mezani taratibu. Akasimama, akafuta mikono kwenye aproni, akazunguka meza, akakikumbatia kichwa cha Nyakati tumboni pake na kuanza kulia.

Nyakati alinitazama kutoka mle ndani ya aproni, macho yamemtoka kwa mshangao, bado anatabasamu. Mama Mwenyeji akauliza lini. Nyakati akajibu leo alfajiri. Mama Mwenyeji akauliza kitu kingine, polepole, kwa maneno mepesi ya kutusaidia. Aliuliza watamzika lini.

Neno kuzika tulilijua sote.

"Anadhani nimesema baba amekufa," Nyakati akaniambia kwa Kiswahili, akacheka. "Nimekosea wakati." Akajitoa, akamgeukia Mama Mwenyeji, akajaribu wakati mwingine, kisha mwingine tena: anapumzika, alikuwa anapumzika. Mama Mwenyeji alitikisa kichwa tu na kumpapasa mgongo. Akasema hata wao hulisema hivyohivyo, ni neno zuri, asione aibu.

Nikamuuliza Nyakati, "Shangazi alisemaje hasa? Neno lake."

"Alisema amepumzika."

"Hakusema amelala?"

"Alisema amepumzika. Kwa utulivu."

Mimi ni Redio, sijawahi kukosa la kusema. Nilikosa. Na nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikompa habari, maana aliacha kucheka, akaanza kuyarudia maneno ya shangazi moja baada ya jingine kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye tukusubiri au tuendelee, akainuka, kiti kikaanguka, akaenda ujiani.

Nilimshikia simu, nikaweka sauti kubwa. Shangazi akapokea. Nyuma yake nilisikia viti vinaburutwa na watu wengi wanaongea chinichini.

"Shangazi, baba amekufa?"

"Si nilikuambia, mwanangu? Nilikuambia asubuhi. Ukasema afadhali. Ukasema tusikusubiri."

"Mmeshamzika?"

"Tumerudi kutoka makaburini sasa hivi."

"Mpe mama simu."

"Mama yako amepumzika chumbani."

Nyakati alishika ukuta. "Amepumzika vipi, shangazi?" aliuliza. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Amepumzika vipi?"

"Amelala, mwanangu. Amelala tu, amechoka kulia."

Hapakuwa na la kuwahi tena. Wiki zilizobaki tulizimaliza, na hilo nalo ndugu zake walimhesabia baadaye, kwamba baba yake amefukiwa na yeye akafanya mtihani. Hawakujua alivyoufanya. Mama Mwenyeji alikuwa anamkalisha kila alasiri kwenye kochi, anamwambia amweleze baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Nyakati alieleza. Alisema alikuwa ananyoa, alikuwa anaimba vibaya, siku moja alimnyoa mtu upande mmoja, basi likaja, mtu akalikimbilia vilevile. Mama Mwenyeji alicheka na kulia, na hakuinua kijiko hata mara moja. Nyakati alijifunza wakati uliopita wote pale, kwa habari za baba yake. Mimi nilikaa nao nikimenya chochote nilichopewa nimenye.

Tuliporudi, nilimsindikiza mpaka kwao. Baba mdogo ndiye aliyetufungulia mlango. "Mwanafunzi wetu," akasema, "uliwahi darasani?" Nikataka kumjibu, Nyakati akanishika mkono. Aliwaeleza wote, sebuleni, wamekaa. Alieleza habari ya usingizi, ya mtandao, ya kusubiri simuni. Nilithibitisha kila neno, na nilithibitisha kwa sauti kubwa. Wengine waliguna. Shangazi alikunja mikono mapajani.

"Miaka yangu yote wodini," akasema, "nimewaambia watu hivyo, na hakuna aliyekosa kunielewa."

Nilimkasirikia sana, na leo bado nina hasira kidogo. Lakini naona alivyobanwa. Kama Nyakati hakuelewa, basi yeye ndiye aliyemzika kaka yake bila mtoto wake. Ilikuwa rahisi zaidi kwake kuamini kwamba mtoto ana moyo wa jiwe.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu," akauliza kama tumekula, akaenda jikoni. Basi. Hakusema zaidi siku ile, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Alimpikia, alimfulia alipougua, alilia kwa furaha siku alipopata kazi. Lakini siku ile ya simu hakuitaja tena. Nyakati alikuwa akiniambia, "Sitaki anisamehe. Anayesamehewa ni aliyekosa. Nataka aniamini tu." Nikamwambia amuulize. Akasema hawezi, kwa sababu mama atamjibu kwa upole, na upole wa mama huwezi kujua ndani yake kuna nini.

Kabla saluni haijapangishwa mtu mwingine, tuliifungua mimi na yeye. Boksi lilikuwa bado kwenye kioo. Nyakati alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, akaitazama stuli ndefu, akaanza kuongea Kihispania. Aliongea nusu saa nzima. Mzee asingeelewa hata neno, kama alivyotaka. Mimi niliyaelewa yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimepata jambo ambalo sitalitangaza.

Tangu hapo akawa ni yule anayesema amekufa. Mama yake alilisikia neno hilo kwenye kila msiba wa ukoo, na kila mara aliinamisha macho, kwa maana yeye mwenyewe hakuweza kulitamka hata kwa kuku.

Muhula huu, siku moja ya katikati ya wiki, tulikuwa tumekaa chumba cha walimu tunasahihisha. Simu ya Nyakati ikaita. Mikono yake ilikuwa na chaki, akabonyeza sauti kubwa kwa kiwiko, akaiacha mezani kati yetu. Alikuwa mama yake, ambaye hampigii saa za kazi.

"Umekaa?" mama akauliza.

"Nimekaa, mama."

"Shangazi yako amekufa."

Nyakati aliitazama simu. Nadhani alikuwa anasubiri neno jingine lije lifute lile.

"Amekufa leo asubuhi, hospitalini," mama akaendelea. Sauti ilikuwa inamtetemeka, unasikia anavyolisukuma kila neno. "Hakulala. Hakupumzika. Amekufa. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sasa tukusubiri, au tuendelee?"

Nyakati akafunika uso kwa mikono yake yenye chaki. Mabega yakaanza kumtikisika. Mama hakukata simu, wala hakumharakisha.

"Nisubirini, mama," akasema. "Nakuja."

"Tutakusubiri," akasema mama yake. "Hata siku ile ungesema hivyohivyo, kama ungetuelewa. Najua."

Nikakusanya daftari zake na zangu, nikamtafutia mkoba, nikaenda kumwambia mkuu wa shule kwamba shangazi wa Nyakati amekufa.